Mwaka Tuliofagia Msitu

Kabula alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage kibarazani kwangu, Kanazi, na kabla hajafika kwenye neno lenyewe nilishajua. Kabula hapigi simu asubuhi. Asubuhi kwake ni ya ng'ombe. "Koleta," akasema, "Masenge ametutoka." Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Ngara, na Kabula, ingawa ni Msukuma asiye na undugu naye wa damu, alimwita hivyo miaka mingi mpaka watu wakasahau kushangaa. Nikayasukuma maharage pembeni. Halafu nikauliza swali ambalo mwanangu, aliyekuwa karibu, aliliona la kipumbavu: "Amefia ndani ya nyumba yake?" "Ndani ya nyumba yake," akasema Kabula, "kitandani kwake, na komeo lake mwenyewe mlangoni." Hapo ndipo nikashusha pumzi, na nilipokwisha kuishusha nikalia. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anafurahi kwanza ndipo anaanza kulia. Nikamwambia hakuwepo mwaka ule.

Nilifika Nyamahanga, kijijini kwa Masenge, jioni. Sebule ilikuwa imetandikwa nyasi mpya kila pembe, kama inavyotandikwa kwa mgeni wa heshima, na harufu yake ikanipokea mlangoni kabla ya watu. Ufagio wa Masenge ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, hakuna wa kuugusa, maana kwao hakufagiwi mpaka matanga yaanuliwe. Na ukutani, upande wa kulia wa mlango, ilikuwepo ile alama: X ya rangi nyekundu, imepauka ikawa kama kutu, lakini bado X. Nikakaa chini pamoja na wanawake, nikapewa uji. Nikiwa na kikombe mkononi nikasikia gari linapanda kilima, injini inakoroma pale penye mawe, na nikajikuta nimesimama wima palepale, uji ukanimwagikia kwenye khanga. Lilikuwa gari lililowaleta wanakwaya wa kigango. Kabula, aliyekuwa pembeni yangu, aliufuta ule uji kwa ncha ya khanga yake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hata mimi." Akili yangu inajua kwamba mambo yale yaliisha zamani. Miguu ndiyo haijaambiwa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, na msichana anayesubiri matokeo ni mali ya ukoo mzima. Yeyote mwenye kazi anamwazima. Kwa nini nilitumwa mimi kwa Masenge Sesilia na si mwingine, hayo tuyaache. Nilitoka Ngara na begi moja na woga wangu wa kuzaliwa nao, maana mimi ni mtu wa kuogopa. Mama alikuwa akisema naweza kusikia mvua inakataa kunyesha. Nikakuta nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na jiko la nje lenye ukuta wa matete ambao haukuzuia moshi wala maneno. Chumba nilichopewa ndicho kilichokuwa ghala la mbegu: mahindi yamening'inizwa juu na maganda yake, maharage ya rangi zote vibuyuni, na chini ya kitanda changu vichwa vya viazi vikuu vimelazwa kwenye majani makavu. Nilikuwa nikijigeuza kwa uangalifu, kama mtu aliyelala juu ya watoto wa wenyewe. Chakula cha kwanza alichonipa kilikuwa kiazi kikuu cheupe, kimechemshwa, na uyoga mzito uliopikwa na karanga. "Kula," alisema. "Vyote hivi ni vya hapo nyuma ya nyumba." Asubuhi nikaenda kuiangalia hiyo nyuma ya nyumba. Niliona migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa maharage; mbele kidogo migomba ikawa michache na miti ikawa mingi, na viazi vikuu vimeipanda miti hiyo mpaka juu; mbele zaidi hakuna migomba tena, ni msitu. Nilitafuta mahali shamba linapoishia sikupaona. Nilipomuuliza Masenge, alinitazama kama niliyemuuliza shingo yake inaishia wapi.

Katikati ya msitu ule, juu kidogo ya chemchemi, mivumu mikubwa, miti ya jamii ya mkuyu, ilikuwa imesimama kwa duara. Wenyeji wanapaita kigabiro. Zamani za babu wa babu zao palikuwa na boma la mtawala. Boma likahamishwa, nguzo mbichi za ua zikachipua, zikawa miti, na msitu ukakua kuizunguka. Kwa hiyo kwa Masenge pale hapakuwa porini hata kidogo. Palikuwa uani kwa mtu, ila mwenyewe hayupo. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli wanawake wa ukoo wa marehemu mumewe waliingia na mafagio wakafagia chini ya ile mivumu, kwa sababu ua usiofagiwa unamtukana mwenye nyumba. Wakimaliza walikunywa rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi, nyingine wakaimwaga shinani, na hakuna aliyevunja hata kijiti cha kuchokolea meno mpaka wametoka. Jumapili inayofuata Masenge alikuwa kanisani, benchi la mbele, na rozari yake. "Katekista hajui?" nilimuuliza. "Anajua," akasema. "Mama yake ndiye aliyenifundisha kushika ufagio."

Habari za wageni nilizipata kupitia matete. Nilikuwa namenya ndizi jikoni. Nje, Masenge alikuwa amekaa na mwenyekiti wa kijiji, mzee ambaye kikohozi chake kilimtangulia popote. "Watu wa misitu wanakuja," alisema. "Wanapima mipaka. Msitu wenye watu wa kuutunza wanaweza kukiachia kijiji. Msitu unaoliwa na mashamba wanauchukua, na walio ndani yake wanatoka." "Na mimi niko ndani au nje?" aliuliza Masenge. Mwenyekiti akakohoa. "Ndiyo wanayokuja kuangalia, mama." Kisu changu kilisimama kwenye ndizi. Nilingoja Masenge alie, au akasirike, au aulize wakubwa hao wanapatikana wapi ili mtu aende kumsemea. "Basi tutawapokea," alisema, na kwa sauti ya mama aliyeambiwa wakwe wako njiani, akaanza kutaja majina ya wanawake wa kuwaita.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote. Mtu wa pale akiambiwa mgeni anakuja, hafikirii sheria, anafikiria ufagio. Walikuja wanawake wa kitongoji kizima na mapanga, majembe na mafagio ya vijiti, na kwa kuwa wageni hawa walikuwa wakubwa kuliko wote waliowahi kuja, Masenge akasema safari hii hatutaishia chini ya mivumu. Tutafagia kuanzia uani kwake mpaka chemchemi, wageni wasichafue viatu. Tukafyeka vichaka. Tukakata matawi ya chini yanayokwaruza watu. Tukang'oa miche iliyojiotea ovyo njiani, tukakusanya majani makavu mafungu mafungu tukayachoma, na moshi ukapanda mweupe kati ya miti. Mwisho tukatandika nyasi njia yote, kama sebuleni. Ilikuwa siku tamu kuliko zote za mwaka ule. Tuliimba, tukataniana, wakaniozesha kwa vijana ambao sikuwahi kuwaona, na mimi ninayeogopa kila kitu sikuogopa chochote. Ukingoni mwa msitu alikuwa amesimama msichana wa rika langu na kibuyu cha maziwa kichwani. Nilimjua kwa kumwona tu: Kabula, binti wa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. "Mwangaluka!" alitusalimu kwa lugha ya kwao, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Mnafanya nini?" "Tunafagia," nikamjibu. "Mnafagia msitu?" Alicheka mpaka akakishusha kibuyu. "Sasa ukishafagiwa utakuwa nini?" Nikamwona hana adabu, nikampa mgongo.

Wageni walikuja na gari la kijani. Mkubwa wao, ambaye tulimwita Bwana Misitu tu, alikuwa mrefu na mpole, na alimwamkia Masenge shikamoo akiwa ameinama. "Marahaba, mwanangu, kalibuni, kalibuni sana," aliitikia Masenge, r zake zikageuka l kama kila alipokuwa na furaha, akawaongoza kwenye ile njia ya nyasi kama mama wa bwana harusi. Mimi nilifuata nyuma na kikapu cha viazi vikuu vya moto, na kwa kuwa nilikuwa nyuma na pembeni niliona uso wa Bwana Misitu unavyobadilika. Alitazama jivu. Akashika tawi lililokatwa, bado linatoa utomvu. Akatazama viazi vikuu vilivyopandishwa mitini. "Mama," alisema taratibu, "shamba hili mmelifungua lini?" "Shamba lipi?" "Hili. Mmefyeka, mmechoma, mmeshaanza na kupanda." Masenge akatabasamu, akidhani anataniwa. "Tumefagia, mwanangu. Kwa ajili yenu." Bwana Misitu alimwangalia kwa upole wa mtu anayedanganywa na mtu mzima na hataki kumwaibisha. Kikapu changu hakikufunguliwa. Walipokuwa wakiondoka, mmoja wao alishuka garini na kopo la rangi akachora X kwenye chokaa, na rangi ikachuruzika mpaka chini. "Si hukumu, mama," alisema Bwana Misitu. "Ni alama tu, mpaka iamuliwe. Ila kuanzia leo mtu asiingie humo." Masenge hakuitazama ile X. Alikitazama kikapu. "Wameondoka bila kula," alisema, na hilo ndilo lililomliza.

Anayetaka kujua woga ni nini akakae kwenye nyumba yenye X. Ulikuwa ukipika, ukilala, ukianika nguo, lakini kila kitu kilikuwa na swali. Masenge alianza kukandika ukuta wa nyuma akaacha katikati: nikandike ili nani aje abomoe? Paa likavuja juu ya kitanda changu. Tulisogeza kitanda, hatukuziba paa. Nilijifunza milio ya magari yote yanayopanda kilima kile, lori la mkaa, pikipiki ya katekista, gari la mnadani, na kila moja lilinisimamisha wima na kijiko mkononi mpaka lipite. Majirani walianza kutupa pole wakati hatujafiwa. Kisimani walisema msitu watapewa wafugaji. Kanisani walisema wafugaji ndio watakaofukuzwa kwanza. Mnadani walisema yote mawili. Na mvua ikachelewa, halafu ilipokuja ikaja ya kunyunyiza tu. Chini ya kitanda changu vichwa vya viazi vikuu vilianza kuchipua gizani, machipukizi meupe yananyooka kutafuta mti wa kupanda, na miti ilikuwa palepale nyuma ya nyumba nasi tumekatazwa kuisogelea. Viazi vile havitaki jua tupu. Vinataka kivuli, na majani yaliyooza, na mti wa kushika. Msimu ukipita havijawekwa ardhini, mbegu imekwisha, na Masenge alikuwa ameipokea kutoka kwa mama mkwe wake, aliyeipokea kwa wake. "Wakinihamisha nitabeba sufuria," aliniambia siku moja tukiwa tunakula ndizi na maharage, chakula ambacho mwezi ule kilikuwa hicho hicho kila siku. "Nitabeba kitanda. Mti nitaubebaje?" Kila asubuhi alichukua ufagio, akafagia uwanja mpaka kwenye mti wa kwanza, akasimama. Alikuwa akiutazama msitu unavyojaa majani, mkono wake ukicheza kwenye ufagio, kisha akageuka akarudi ndani. Nilichukia kumwona hivyo. Mpaka leo nikimkumbuka Masenge ndivyo ninavyomwona, amesimama kwenye ule mti kama mtu aliyezuiwa mlangoni kwake.

Ndipo nikaanza kwenda kwa kina Kabula, kwanza kwa ajili ya maziwa, halafu kwa sababu palikuwa na watu walioogopa kama sisi. Nyumba yao haikuwa na X, lakini walikuwa wameshahamishwa huku na huku mpaka walijua kwamba X si lazima ichorwe. Mama yake Kabula alinipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na kurushiwa karanga, na maziwa ya mgando juu yake, nami nilikula kwa aibu ya mtu anayefahamu kwamba hawa wanaomlisha hawajawahi kualikwa kwao. Upande wa pili wa ukuta wazazi walibishana kwa Kisukuma na Kabula alinitafsiria huku anacheka kwa pua. "Baba anasema tumehama mpaka ng'ombe wenyewe wanajua kufungasha." "Na mama?" "Mama anasema safari hii aende yeye na hao ng'ombe." Nilicheka, kisha nikaona macho ya Kabula hayachekei. Nje, ng'ombe walikuwa wamekonda, na pembeni yao, nyuma ya uzio wa miiba, palikuwa na majani marefu yanayofika kiunoni. Nikauliza kwa nini wasifunguliwe wakala. "Hiyo ni ngitiri," alisema Kabula. "Inafungwa masika, haiguswi mpaka nje pasibaki hata jani. Ukiifungua mapema baba anaweza kukuuza wewe badala ya ng'ombe." Lakini nikiwa narudi nyumbani niliona nyayo za kwato kwenye tope karibu na chemchemi, ndani ya msitu tuliokatazwa, na furaha yote ya michembe ikaniishia tumboni. Bwana Misitu akiziona nyayo zile, nani atauliza ni za nani? Nyumba yenye X ndiyo iliyo karibu.

Masenge naye alikuwa ameziona. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kwenye uwanja wa shule, alivaa gauni lake la sikukuu, akafunga kilemba kwa nguvu, na njia nzima hakusema nami, ndipo nikajua anakwenda kumshitaki Mzee Masanja mbele ya watu wote. Mwenyekiti alisema, kati ya kikohozi na kikohozi, kwamba Bwana Misitu atarudi, na kwamba ametaka kijiji kieleze kitautunzaje msitu wenyewe. Kikishindwa, unachukuliwa, na watu wanahamishwa. Palepale kelele zikaanza. "Ng'ombe watoke kwanza!" "Warudi kwao!" Nilimwona Kabula kwenye kundi la wanawake wa Kisukuma, ameuma ncha ya khanga. Mzee Masanja alisimama kabla Masenge hajapata nafasi. Alikuwa mfupi, na kofia yake alikuwa ameivua akaishika mbele kama anayetaka kupokea kitu. "Nyayo mlizoziona ni za ng'ombe wangu," alisema, na waliokuwa wakipiga kelele wakageuka kumtazama. "Sina maji. Lakini majani yenu siyataki. Mimi nilikotoka tulikata miti yote tukaongeza ng'ombe, wakala majani, wakala mizizi, mwisho tukabaki tunatazamana. Kilichobaki kikatuvusha ni ngitiri tu. Hapa nimefunga ngitiri yangu tangu masika na mmoja wenu amewahi kunicheka. Nipeni njia ya kufika kijitoni, chini huko, ng'ombe wasipite msituni, na mkiona kwato tena chini ya mivumu mnifukuze mimi wa kwanza."

Njia. Kila mtu alijua njia ya kwenda kijitoni bila kupita msituni ni moja tu, nayo inapita bondeni kwa Masenge, katikati ya magimbi yake, udongo mweusi uliomlisha miaka ambayo kila mtu mwingine alikuwa na njaa. Hakuna aliyelitaja jina lake. Walitazama chini. Mimi nilitazama viatu vyangu na kuomba asikubali, na nilipokwisha kuomba hivyo nikaomba akubali. Masenge akasimama. Kilemba kilikuwa kimelegea. "Masanja," alisema, "ng'ombe wako akiigusa kahawa yangu, namla." "Mle, mama," akasema Mzee Masanja, "ila uniite na mimi, nyama nitaijua." Watu wakacheka, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamebana pumzi, na mwenyekiti akakohoa ikawa imepita. Masenge hakucheka. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda jikoni na gauni lake la sikukuu, akaegemea matete. "Magimbi yale niliyapanda nikiwa bibi harusi," alisema. Nikamwekea maji ya kuoga. 

Bwana Misitu aliporudi, mwenyekiti alikuja mapema mwenyewe kumnyang'anya Masenge ufagio. Sifanyi mzaha, aliuchukua akaukalia. Msitu ulikuwa umejaa majani mpaka kwenye vifundo vya miguu, vichaka vimerudi, miche tuliyoing'oa imeota mingine, na buibui wametandaza nyavu zao kwenye ile njia yetu ya nyasi, ambayo haikuonekana tena. Masenge alipita mbele ya wageni akiwa ameinamisha kichwa. "Mtusamehe," alisema kila baada ya hatua kadhaa. "Mtusamehe, pachafu. Tumekatazwa." Bwana Misitu alichutama akashika majani yaliyooza, akachimbua kwa kidole, akaonyesha wenzake uyoga mdogo. "Huu sasa ni msitu," alisema kwa furaha. Akafika kwenye kigabiro, akauliza habari zake, akaambiwa. Alisimama pale muda mrefu akiitazama ile mivumu iliyozunguka. "Kumbe siku ile," alisema, akaishia hapo, akamtazama Masenge, akashusha macho kama mtoto aliyekosea. Kisha akaomba, kwa adabu, kama bado kuna kile kiazi kikuu. Alikula viwili. Nilikuwa nimesimama na sahani, nikamtafuta Masenge ili tutazamane. Alikuwa jikoni peke yake anafuta machozi. "Wamekaa kwenye takataka, mwanangu," aliniambia. "Wameusifu uchafu wangu." Nilimkumbatia. Alikuwa ameiokoa nyumba yake na hakuwahi kuona aibu kubwa kuliko ile.

Jibu lilikuja baada ya masika, kwa mdomo wa mwenyekiti, na safari hii sikulisikia kupitia matete; alilitoa akiwa amesimama uwanjani, kofia mkononi. Msitu ni wa kijiji. Uyoga, kuni kavu, mizinga ya nyuki na viazi vikuu ruksa. Nguzo, mkaa, moto na ng'ombe hapana. Kufagia, chini ya mivumu tu, mara moja kwa mwaka, kama zamani. Masenge alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda changu. Msimu ulikuwa umeshaharibika na vichwa vingi vilikuwa vimenyauka, lakini tulipata vilivyo hai tukaviingiza ardhini siku hiyo hiyo, magoti kwenye majani mabichi, naye akiongea navyo kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. Matokeo yangu nayo yalikuwa yametoka. Nilifeli hesabu kama nilivyoogopa, na niliposikia nikaendelea kula. Ila ile X hakuna aliyekuja kuifuta. Nilijitolea kuipaka chokaa, Masenge akakataa. "Mpaka wa shamba anaung'oa aliyeupanda," alisema. "Jirani akiung'oa ni mwizi. Aliyechora ndiye atakayefuta." Bwana Misitu akahamishiwa mkoa mwingine. Kila Krismasi Masenge alipaka nyumba yake chokaa nyeupe, akaizunguka ile X kwa uangalifu, kama mtu anayefua kanzu yenye doa la mafuta ya ubatizo.

Sasa matanga yameanuliwa. Wazee wa ukoo walikaa kwenye nyasi zilizokwishanyauka, wakazungumza maneno ambayo nilikuwa nikiyakwepa tangu nifike. Nyumba ikikaa tupu, alisema mmoja wao, viazi havitapandwa; visipopandwa hakuna atakayeingia msituni; na asipokuwepo wa kuingia, siku atakayekuja mtu na msumeno hatakuta wa kumuuliza. Vijana wako mijini. Wengine wana kaya zao. Hakuna aliyelitaja jina langu. Walitazama chini, kama watu walivyotazama chini siku ile kwenye uwanja wa shule, na mimi nikajua Masenge alisikia nini moyoni kabla hajasimama. Mimi si kama yeye. Nilifikiria kibaraza changu Kanazi, choo changu kipya, benchi langu kanisani. Nilifikiria kila gari litakalopanda kilima kile maisha yangu yote yaliyobaki. Kabula akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akaniletea ufagio. Alinishikisha tu kama anavyoshikishwa mtoto.

Nikatoka nikafagia. Nilianzia mlangoni, chini ya ile X, nikaenda na uwanja wote, majivu ya mioto ya msiba, maganda, nyasi zilizotoka na miguu ya watu, mpaka kwenye mti wa kwanza. Pale nikasimama. Mbele yangu majani yalikuwa yamelala juu ya majani, na mkono wangu wenyewe ukawa unataka kuendelea. Nikaushika ufagio kwa mikono miwili mpaka hamu ikapita. Kisha nikaingia chumba kile cha mbegu, nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda. Vilikuwepo, vimeshaanza kuchipua. Nikatoka nje penye mtandao nikampigia mwanangu, nikamwambia yale maharage niliyoyaacha kibarazani asiyapike, ayalete yote, ni ya mbegu. "Sawa, mama," alisema. "Lakini wewe unarudi lini?" Nikamwambia aje na kitanda changu.